Mashini Inapika

Kahindo aliniachia flashi iliyofungwa kwa uzi wa kushonea,
akapanda pikipiki ya kwenda Sake, hakusema atarudi lini.
Ndani yake: Birere yote, vichochoro na nyumba za mbao,
chukudu moja yenye gurudumu linaloyumba,
na barua ya mistari minne:
*Mchezo huu ulizaliwa ndani ya mchezo mwingine.
Sasa umehama, hauombi tena chumvi kwa mamaye.
Unataka injini tu.
Injini utaijenga wewe.*

Kujenga.
Hapa Goma neno hilo tunalijua kwa vidole:
jiwe jeusi, nyundo, kokoto inayouzwa kwa mafungu.
Sikujua kwamba injini nayo huja hivyo,
kifusi cha herufi, faili elfu tatu na kitu,
kazi ya watu nisiowajua hata kwa sura,
waliondika wakaacha mlango wazi:
soma, chukua, rekebisha, usifunge nyuma yako.

Nikanunua forfe ya usiku, saa sita hadi kumi na moja,
msimbo ukashuka kama maji ya bomba la Majengo:
tone, kimya, tone,
kisha ghafla ndoo imejaa na wewe umelala.

Jumanne jioni kura ikarudi.
Nikaandika amri, nikabonyeza.
Asilimia mbili. Asilimia tano. Feni ikaanza kulia.
Mama akaingia na vumbi la makala mikononi.
"Iyo mashini inapika nini?"
"Inapika injini, mama."
"Na itaiva saa ngapi?"
Hakungoja jibu. Akaweka viganja juu ya kibodi iliyochemka,
akaota moto.

Kwenye thelathini na moja, giza.
Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, kama kawaida.
Betri yangu ilikufa zamani, nikadhani nitaanza upya.
Lakini Alhamisi, kura iliporudi, nikaona:
kilichoiva kilibaki kimeiva,
mashini ikaokota kijiko palepale ilipokiangusha.

Themanini na nane.
Maandishi mekundu.
*Maktaba ya sauti haipo.*
Niliitafuta usiku mbili, forfe mbili;
zilizopatikana zilikuwa mpya mno kwa injini ya kizee.
Paluku, yule anayefufua simu pale Katindo,
akasoma kosa lile huku meno yakishika bisibisi,
akacheka:
"Nyumba ikikosa mlango, si unaweka pazia?
Pale penye moja, andika sifuri. Jenga bila sauti."

Nikaandika sifuri.
Injini ikazaliwa bubu.

Nikaiweka kando ya mchezo wa Kahindo, ikaufungua.
Kioo cheusi. Kioo cheusi bado. Halafu Birere,
jua lake la njano kupita kiasi,
na geti letu, bati la buluu,
na kibao ambacho mama alikiandika kwa mkono wake, HAPA IKO MAKALA,
hata ile K iliyolala.
Hakuwahi kuniambia kwamba alikitazama hivyo.

Chini ya barabara, lava.
Inakuja polepole, nyekundu kwa mabaka, kimya kabisa.
Mimi nina chukudu, godoro, na sufuria mbili.

Nikamwita mama.
Akasimama nyuma yangu na kijiti cha mwiko mkononi.
Hakutazama chukudu, hakutazama geti.
"Haikuwa kimya," akasema.
"Ule mwaka ilikuja na mlio wa sahani.
Kama mutu anatembea juu ya sahani, hana haraka."

Na akaanza, kwa mdomo, bila kucheka:
*kra. Kra-kra. Krrra.*
Kila lava iliposogea hatua, alisogea nayo.
Nikasukuma. Gurudumu likayumba kama alivyotaka Kahindo.
Nilipofika kwenye mzunguko, kura ikakatika,

na mama, gizani, akaendelea kidogo.